Una Hakika?

Leo nimeandika mistari kumi na moja,
nimefuta tisa.
Faida ya usiku mzima ni mistari miwili,
na mmoja wake ni mabano matupu.

Mabibo, ghorofa ya pili, juu ya fundi magodoro.
Feni inazunguka kwa kulazimishwa.
LUKU imebakiza yuniti nne.
Kwenye skrini nyeusi kishale cha kijani kinakonyeza:
sema, nakusikiliza.

Chombo chetu hakina picha wala vitufe.
Kina vitenzi tu:
weka, leta, gawa, shika, futa,
vitenzi vya mtoto anayetumwa dukani.
Faili ukiliweka, linakatwa vipande:
kimoja Tandika, viwili Kimara,
kingine kwa mtu wa Gongo la Mboto nisiyemjua sura.
Ni upatu usio na kijumbe.
Hakuna wa kutoroka na mali ya watu,
maana hakuna aliyeishika yote.

Na jina la faili hatulipi sisi.
Linatoka mwilini mwake.
Gusa nukta moja, jina linageuka;
humo mwongo hawezi kujiita mkweli,
jina lenyewe litamsuta.

Toleo la kwanza aliliandika Ngwitu, Mlimani, mwaka wa mwisho:
amri mbili, makosa thelathini.
La pili liliacha kuzimia
likikutana na jina lenye nafasi katikati.
La tatu likajifunza Kiswahili.
Zamani likikosa kitu lilifoka kigeni,
hadi Sijaona Ngonyani akaandika badala yake:
"Sijaona faili hilo."
Tulicheka wiki nzima.
Mtu katia sahihi yake ndani ya kosa!

Kisha ikaja Aprili, Jangwani maji yamekata barabara,
na ujumbe wa Fidea, mkunga, Chanika:
"Nilikuwa nafuta rasimu za ripoti.
Nikafuta na sauti ya marehemu mama.
Chombo chenu hakikuniuliza kitu."

Hakuwa na hasira. Ndiyo maana iliuma.

Tukatafuta vipande vilivyosalia.
Tandika kipo. Kimara vipo vyote viwili.
Cha nne alikuwa nacho Sijaona,
na Sijaona alishaiuza kompyuta yake Kariakoo
ili alipe kodi ya miezi sita.
Tukamrudishia Fidea robo tatu ya mama:
anakohoa, anacheka, anamtaja jirani,
anasema, "Na wewe ukifika huko usisahau ku"

Basi.

Ndiyo mistari yangu ya leo.
Swali la maneno mawili kabla ya kufuta:
Una hakika?
n kwa ndiyo, H kwa hapana.

Ile H kubwa ni ya Ngwitu.
Alisema, mtu akibonyeza kwa usingizi, apone.
Tulibishana siku tatu juu ya herufi moja,
na mke wake akauliza kama tunalipwa.

Saa nane usiku amejibu:
"Mstari wa sita una nafasi ya ziada mwishoni."
Asante hakuna.
Nimeitoa ile nafasi, kitu kisichoonekana,
nikaandika maelezo ya toleo 0.4.7:
"futa sasa inauliza."
Maneno matatu. Fidea hayumo.
Kesho wataipakua watu kumi na wanne, pengine ishirini,
na mmoja atalalamika kuwa swali linamchelewesha.

Yuniti moja.
Fundi magodoro ameshaanza kukohoa huko chini.
Najaribu mara ya mwisho kwa faili la uongo
nililoliita jaribio,
halina kitu ndani, halina mama wa mtu.

futa jaribio

Una hakika?

Nimekaa na kidole hewani.